Mama yuko wapi sasa hivi? Kaka anasema amelala, mama mdogo anasema yuko mbinguni

MamaPendo

Habari zenu ndugu zangu. Nitaandika ndefu naomba mnivumilie, usingizi umekuwa shida kwangu tangu mwezi wa nne.

Mwezi huo mama yangu alifariki tukampeleka kwa baba milimani huko Same, tukamzika pembeni ya kaburi la baba chini ya migomba. Mama alikuwa Mchaga wa Rombo, Mkatoliki wa kuzaliwa. Baba Mpare, Msabato tangu kwa babu yake, maana kule Upareni Usabato ni wa siku nyingi, uliingia 1903 na wamisionari waliotoka Ujerumani. Waliishi hivyo hivyo zaidi ya miaka 40, Jumamosi baba anavaa koti anaenda kusali, Jumapili mama anajifunga khanga yake ya kanisani anateremka kwenda misa, na sijawahi kuwasikia wakigombania dini hata siku moja. Sisi watoto ndo tukagawanyika, kaka yangu mkubwa akamfuata baba na leo ni mzee wa kanisa, mimi na mdogo wangu tukamfuata mama.

Usiku wa siku ile tuliyozika ikanyesha mvua, ile ya kupiga bati mpaka hamsikilizani. Wanawake na watoto tumelala sebuleni kwenye majamvi, kaka na mashemeji wamekaa kwenye viti wanaongea. Mwanangu Pendo ana miaka sita, akaamka akanishika mkono akauliza kwa sauti, mama, bibi si atalowa? Watu wote kimya. Kaka ndo akamjibu, bibi amelala mama, hasikii mvua wala baridi, ataamka Yesu akija. Mama mdogo akadakia pale pale, usimchanganye mtoto, bibi yuko mbinguni anatuangalia, kule hakuna mvua. Pendo akamtazama akasema, sasa tumemzika nani?

Hakuna aliyemjibu na mpaka leo mimi sijamjibu.

Sasa tunataka tulijengee kaburi kabla ya Krismasi watu wakipanda nyumbani walikute liko tayari, na fundi anataka maneno ya kuandika kwenye jiwe. Kaka anataka "Amelala akisubiri parapanda". Mimi nilitaka "Raha ya milele umpe ee Bwana". Kaka anasema hayo yangu ni maombi kwa ajili ya wafu, yeye kama mzee wa kanisa hawezi kuyachangia hela yake. Mama mdogo akisikia neno "amelala" anaondoka hata kama tunakula. Na juzi kwenye simu kaka akaniambia hizi misa ninazomwandikishia mama ni kupoteza pesa kwa mtu ambaye hajui neno lolote. Nililia. Nilikuwa nimeshika rozari ya mama, ile ya mbao, kuna punje moja ilipotea zamani akafunga fundo la uzi mweusi mahali pake akawa anasali hivyo hivyo, na vidole vyangu vilikuwa juu ya lile fundo wakati kaka anasema hayo.

Naomba mnisaidie bila kutukanana. Biblia inasema mama yuko wapi? Na mtoto nimwambie nini?

Parapanda_ya_Mwisho

Pole sana dada. Mimi ni Msabato wa Musoma, naomba kwanza nikuombee radhi kwa neno la kaka yako, fungu alilokupa ni la kweli lakini mfiwa hapewi fungu hivyo.

Nikueleze sisi tunaamini nini, usisikie kwamba tunamtupa mama yako ardhini. Tunaanzia Mwanzo 2:7, Mungu akachukua mavumbi ya ardhi, akampulizia puani pumzi ya uhai, mtu AKAWA nafsi hai. Haisemi alipewa nafsi ikawekwa ndani kama unavyoweka barua kwenye bahasha. Mtu mzima ndo nafsi. Kwa hiyo akifa, mavumbi yanarudi ardhini na pumzi inarudi kwa Mungu aliyeitoa (Mhubiri 12:7), na hapo katikati hakuna mama mwingine mdogo asiye na mwili anayeelea mahali. Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lo lote. Zaburi 146:4, siku hiyo mawazo yake yapotea.

Na mwenyewe Yesu alivyosema habari za Lazaro, "Rafiki yetu, Lazaro, amelala, lakini ninakwenda nipate kumwamsha". Siku nne yuko kaburini. Akatoka na sanda zake na Biblia yote hakuna mahali Lazaro anasimulia alikokuwa. Mimi huwa najiuliza kama siku zile nne alikuwa mbinguni kwenye raha, kumrudisha Bethania aje kuumwa tena na kufa mara ya pili lingekuwa jambo la huruma kweli?

Watu wanasema haya mafundisho yameanza na sisi karne ya 19. Hapana. William Tyndale, yule aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza wakamnyonga na kumchoma 1536, alibishana na Thomas More, mtetezi wa Ukatoliki kule Uingereza, jambo hili hili, akamwambia mkishawaweka roho mbinguni na toharani mnaharibu hoja ambayo Kristo na Paulo walithibitishia ufufuo. Maana kama mtu ameshafika, ufufuo ni wa nini?

Na kuna sababu nyingine sisi tunakuwa wakali hapa, dada. Huku kwetu watu wakiamini marehemu anatuona na anasikia, haichukui muda wanaenda kwa mganga kusikia anasemaje. Nimeona familia imesambaratika kwa sababu "baba amekuja ndotoni amesema fulani ndiye aliyemuua". Ndiyo maana tunasema wazi, amelala, hasemi, hatumi ujumbe.

Kwa aliyelala hakuna kusubiri. Mama yako alifumba macho hapo Same na kitu cha pili atakachokiona ni uso wa Bwana, hata kama kwetu itapita miaka 100. Mimi hiyo inanifariji kuliko kufikiria mama yangu yuko juu anatazama ninavyohangaika na watoto na hawezi kunisaidia.

Katekista_Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Pole mwanangu. Nimefundisha ukatekumeni miaka mingi, na swali la mtoto wako linazidi maswali yote niliyowahi kuulizwa darasani, nitalifikia.

Kanisa linafundisha hivi. Mtu akifa roho haifi, na pale pale inapata hukumu yake ya pekee. Jambo hili lilibishaniwa sana zamani, mpaka Papa Benedikto XII akaliamua mwaka 1336 kwamba roho za waliotakata zinamwona Mungu hata kabla ya ufufuko na hukumu ya mwisho. Wanaokufa katika neema lakini bado wana ya kutakaswa wanatakaswa kwanza, ndiyo toharani, mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Florence 1439 na wa Trento 1563 ulilisema. Toharani siyo nafasi ya pili ya kuongoka na wala siyo jehanamu ndogo kama wengine wanavyohubiri, aliyeko huko ameshaokoka, njia yake ni moja tu ya kwenda mbele. Ndiyo sababu tunawaombea. Yuda Makabayo alikusanya drakma 2000 za fedha akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliokufa, na Maandiko yanasema alifanya vema kwa kuwa aliufikiria ufufuko (2 Wamakabayo 12). Kaka yako hana kitabu hicho kwenye Biblia yake kwa hiyo usimlaumu, mnasoma rafu mbili tofauti.

Misa siyo pesa. Kile unachoacha ofisini ni sadaka, hakinunui chochote mbinguni, na asiye na kitu anaombewa vile vile. Unapomtaja mama altareni unafanya kile alichokufanyia wewe kila jioni na ile rozari yake, umebadilika upande tu.

Ila sasa na mama yako mdogo naye nimwambie kidogo. Sisi Wakatoliki tumezoea kusema "yuko mbinguni anatuangalia" siku ya tatu tu ya msiba, tukamaliza. Na kila Jumapili tunatamka kwa kinywa chetu NASADIKI... UFUFUKO WA MIILI halafu tukifika nyumbani tunasahau. Mtakatifu Tomaso wa Akwino akieleza 1 Wakorintho 15 aliandika maneno matano ya Kilatini, anima mea non est ego, yaani roho yangu siyo mimi. Roho ya mama yako ikiwa kwa Mungu ni kweli, lakini mama yako mzima, mwenye mikono ile iliyofunga uzi kwenye rozari, bado anangojewa. Ndiyo maana padre alinyunyizia jeneza maji ya baraka na kulifukizia ubani. Ule mwili ulibatizwa, ulikula Ekaristi, na utafufuka. Hata ruhusa ya kuchoma maiti Kanisa limeitoa tangu 1963 lakini mwaka 2016 likakumbusha majivu yasitawanywe hewani wala yasigawanywe kwa ndugu, yawekwe mahali patakatifu.

Kwa hiyo mtoto akiuliza tumemzika nani, jibu ni tumemzika BIBI. Siyo ganda la bibi.

Nesi_wa_Usiku

Pole dadaangu. Mafungu siyajui kama hawa wazee, mimi nafanya zamu za usiku wodini, wengi nimewafumba macho kwa mkono wangu huu.

Jambo moja tu kuhusu Pendo. Usimwambie bibi amelala ukaishia hapo. Mtoto wa umri huo analichukua neno kama lilivyo, nimeona mtoto baada ya msiba anagoma kulala wiki nzima, ukimuuliza anasema na mimi sitaamka kama babu. Mwambie bibi amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii baridi, haumwi tena na mvua haimsumbui. Mwambie wewe ukilala unaamka asubuhi, bibi ni tofauti. Ya mbinguni na ya ufufuo mwambie baada ya hapo, taratibu.

Parapanda_ya_Mwisho

Asante sana sista hilo sikuwahi kulifikiria kabisa, na watoto wangu mwenyewe niliwaambia hivyo hivyo babu yao alipofariki. Nimeandika.

Kyalo_Kitui

Pole sana dadangu kutoka hapa Kitui. Mimi ni Mwanglikana na hii mada imenigusa kwa sababu susu wangu, yaani nyanya, alikuwa ameokoka kabisa lakini kila akipika uji alimwaga tone moja chini kabla hajaonja, na ukimuuliza alikuwa anakuambia ni mazoea tu.

Watu wa huku wanamjua Profesa John Mbiti, kasisi wa Kianglikana, mzaliwa wa Mulango hapa Kitui, alifariki 2019. Udaktari wake wa Cambridge wa 1963 ulikuwa juu ya jambo hili lenyewe, vile mafundisho ya Agano Jipya kuhusu mwisho wa mambo yalivyopokelewa na Wakamba. Na alipotaka kuelezea dunia vile Mwafrika anauona wakati, alichukua maneno mawili ya Kiswahili chetu akayaweka hivyo hivyo kwa Kiingereza, SASA na ZAMANI. Mtu akifa haendi mbali mara moja, bado yuko kwenye Sasa, kwa sababu kuna watu wanaomkumbuka kwa jina, walimwona, walikula naye. Aliwaita wafu walio hai. Siku yule wa mwisho aliyemjua kwa jina akifa, ndio sasa anazama kwenye Zamani, anakuwa mmoja wa wengi wasio na jina.

Nawaambia hii kwa sababu naona vile tunabishana na Biblia mkononi lakini kila mtu pia ana susu wake kichwani. Huyo mama mdogo akisema "anatuangalia" sio toharani anaongea wala sio katekisimu, ni Rombo inaongea. Hata lugha yenyewe imetutangulia, hao waliotafsiri Biblia walipotafuta neno la Sheoli na Hadesi, yaani mahali pa wafu, walikuta kuzimu tayari iko, na ukiliangalia utaona mizimu imo ndani. Kwa hivyo mtu akisoma tajiri "kule kuzimu aliyainua macho yake" Luka 16, masikio yake yanasikia na mambo mengine ambayo Luka hakuyaandika.

Lakini kuna kitu kimoja Mkamba hakuwa nacho. Kwetu marehemu alikuwa anazidi tu kwenda nyuma, hakuna mtu aliyetarajia atarudi akiwa na mwili. Susu wangu alikuwa anasema hiyo ndio habari iliyomfanya abatizwe, wala sio mambo ya moto. Kwamba kuna mtu alikufa kabisa akazikwa na siku ya tatu akawauliza wenzake mna chakula, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa akala mbele yao (Luka 24). Alikuwa akifika kwa huyo samaki anacheka mpaka anashika ubavu.

Mimi kwa hilo kaburi ningesema jina lake liandikwe kubwa. Majina yote, la ubatizo na la kikwao.

Mwinjilisti_Lushoto

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni wa KKKT, Mlutheri. Ndugu Parapanda umeeleza vizuri ila umeruka yale yanayokubana na mzee wangu Katekista naye kayaruka ya kwake, niyaweke mezani yote dada ayaone.

Upande wa amelala kuna shida ya yule mnyang'anyi msalabani. "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi". Wasabato wanasema koma iwekwe baada ya leo, yaani nakuambia leo, utakuwa. Ni kweli maandishi ya kale ya Kigiriki hayakuwa na koma. Lakini Yesu kasema amin nakuambia mara nyingi sana kwenye Injili na kwingine kote hasemi nakuambia LEO, mtu anajua anaambiwa leo. Halafu Paulo kwa Wafilipi anasema anatamani kwenda zake akae na Kristo, ni vizuri zaidi sana, mtu anayetazamia usingizi mtupu hasemi hivyo. Na roho za waliochinjwa chini ya madhabahu kwenye Ufunuo 6 zinalia hata lini ee Mola, najua ni maono, lakini ni maono ya watu wanaosubiri wakijua wanasubiri.

Upande wa yuko mbinguni kuna shida nyingine. Tafsiri yetu yenyewe inatuficha kitu. Neno la Kiebrania nefesh, Mwanzo 2:7 wameandika "nafsi hai". Neno hilo hilo Ezekieli 18:4 wameandika "roho itendayo dhambi itakufa". Mwenye Biblia ya Kiswahili anaona ni vitu viwili, Ezekieli hakuona viwili. Kwa hiyo hizi hesabu za mwili, nafsi, roho, tatu au mbili, nusu ya ugomvi ni wa wafasiri.

Na Luther alisema yote mawili kutegemea siku, mara nyingi kifo alikiita usingizi mzuri ambao Kristo atakuja kugonga mlango wa kaburi na kutuamsha, na sehemu nyingine akasema roho iko macho mbele za Mungu. Calvin ndiye aliyekasirika, kitabu chake cha kwanza cha mambo ya imani alichoandika 1534 akiwa kijana kilikuwa cha kupinga usingizi wa roho. Kwa hiyo waliotangulia nao walishindwa kuelewana.

Ila dada sikiliza hili maana ndilo lililonifanya niandike. Kanisa la Thesalonike walifiwa. Ilikuwa karibu mwaka 50, ni moja ya barua za kwanza kabisa za Paulo, na wale watu walikuwa na swali lako wewe, ndugu zetu wamekufa kabla Bwana hajaja, wamekosa? Paulo alikuwa na nafasi nzuri sana ya kuwaambia msilie wako mbinguni wanawaangalia. Hakuwaambia. Hakuwaambia pia mkae kimya hawajui lolote. Aliwaambia waliokufa katika Kristo WATAFUFULIWA KWANZA, yaani hawatatanguliwa hata na sisi tulio hai, halafu tutakuwa pamoja na Bwana milele, basi farijianeni kwa maneno hayo. Kati ya leo na siku hiyo hakupajaza maelezo. Yuko mikononi mwa Kristo, sura ya 5 anasema tuwe macho au tumelala tuishi pamoja naye.

Mimi makaburini nimesimama mara nyingi sasa, na ninapotamka udongo kwa udongo huwa naona watu wanavyoangalia lile shimo. Pale hakuna anayetaka kujua habari za kati. Wanataka kujua kama imekwisha.

Kwenye jiwe mtafute neno ambalo kaka hawezi kulikataa na wewe huwezi kulikataa. Yohana 11 mistari ya 24 na 25 itazameni.

Katekista_Mstaafu

Mwinjilisti nimekusoma, na mnyang'anyi ulimweka vizuri. Naongeza tu kwamba arobaini ambayo dada labda ataulizwa, kwetu siyo sheria, mapokeo ya Roma ni siku ya tatu, ya saba na ya thelathini, arobaini ni ya Waorthodoksi na huku kwetu tunaifanya kwa desturi. Kaka akiikataa arobaini asionekane amekataa Kanisa.

Zuwena_K

Poleni. Mimi nina swali dogo, je waliokufa baharini au waliochomwa moto ambao hakuna mwili wa kuzikwa, hao watafufuka na mwili gani? Mdogo wangu alizama ziwani hatukumpata.

Mwinjilisti_Lushoto

Pole sana Zuwena. Paulo aliulizwa hivi hivi, wafu wafufuliwaje, wana mwili gani, akajibu kikulima (1 Wakorintho 15). Ukipanda hindi hupandi bua lake na majani yake, unapanda punje kavu, na ile punje ukifukua baada ya mwezi huioni, imeishia kwenye mmea, lakini kilichoota ni hindi, siyo mtama. Mungu hahitaji mfupa uwe kamili ndipo aanze kazi. Ufunuo 20:13 imeandikwa kabisa, bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake. Mdogo wako hajapotea kwake.

Zuwena_K

Nashukuru. Sikuwahi kujua kwamba bahari imetajwa. Nitamwonyesha mama.

MamaPendo

Nimerudi ndugu zangu. Nimesoma zote, nyingine mara tatu, na niliogopa kumpigia kaka siku mbili nzima.

Jana usiku nikampigia. Sikuanza na mafungu nikamwambia tu kaka ulivyosema mama hajui neno lolote uliniumiza. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekata. Halafu akaniambia kitu ambacho sikujua, kwamba kila Sabato asubuhi kabla ya kwenda kanisani anapita kwenye lile kaburi anang'oa majani yaliyoota, na kuna siku alijikuta anamsalimia mama kwa sauti, Mama shikamoo, akashtuka akaangalia kama kuna mtu amesikia maana yeye ndiye anayefundisha hali ya wafu pale kanisani. Alilia. Kaka yangu hakulia wakati wa mazishi.

Nikamsomea ile ya Thesalonike kama Mwinjilisti alivyoiweka. Akasema hiyo naihubiri kila msiba, na hapo hapo akaniuliza kwani na nyie Wakatoliki mnaisoma? Nikamwambia kaka ilisomwa kwenye misa ya mama, wewe ulikuwa umesimama nje na wanaume.

Kuhusu misa hatujakubaliana na sidhani tutakubaliana. Amesema hatanisema tena. Mwezi wa 11 unaanza, ule tunaowaombea marehemu, mimi nimeshamwandikisha mama kwenye daftari la marehemu pale parokiani pamoja na baba, ndiyo na baba nimemwandika, hilo kaka sijamwambia bado na naomba msinicheke.

Jiwe tumelimaliza. Majina yake yote matatu kwa herufi kubwa kama Kyalo alivyosema, miaka yake, msalaba juu maana mama mdogo aliutaka na kaka akasema sawa. Chini yake "ATAFUFUKA" na Yohana 11:24. Kaka ndiye aliyelichagua, Marta alisema najua ya kuwa atafufuka katika ufufuo siku ya mwisho, tukachukua neno moja. Mama mdogo aliuliza mbona fupi hivyo, akarudia kulisema mara mbili tatu kwa sauti ndogo, halafu akasema haya liwekeni.

Na Pendo. Nilimkalisha leo asubuhi kabla ya shule namfunga kamba za viatu nikamwambia ile siku ya mvua uliuliza tumemzika nani, tumemzika bibi. Bibi amekufa, hasikii baridi wala halowi. Yesu anajua tulipomweka na siku moja atamwita kwa jina lake atoke. Akafikiria akaniuliza atamwitaje, Bibi? Nikamwambia hapana atamwita kwa lile jina lake lenyewe. Pendo hakuwa analijua jina la bibi yake, ndugu zangu, miaka sita yote alikuwa Bibi tu. Nikamtajia yote matatu akayarudia njiani mpaka getini.

Fundi nimemtumia meseji, amesema atapanda Jumatatu na saruji.